Kabla hujakubali taimingi ya cherehani yako iguswe kwa sababu ya ngozi

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Mama mkwe aliniachia cherehani ya Butterfly ya pedali, na jioni nikitoka kazini najifunza kutengeneza mikoba na pochi za ngozi. Nguo inashona bila shida. Ila nikiweka ngozi tabaka mbili (ya ng'ombe, milimita 1.5 kila moja) inaruka, inakata uzi, na upande wa chini nyuzi zinakusanyika. Nimenunua sindano ya ngozi namba 18, ina shina la duara, na uzi wa naironi wa viatu namba 20. Fundi wa mtaani anasema taimingi imekufa, anataka kufungua chini. Mwingine ananiuzia Singer nyeusi ya zamani, anasema hiyo ndiyo ya ngozi, na alinionyesha ikitoboa mkanda wa suruali. Nifanye lipi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usifanye lolote kati ya hayo mawili kwa sasa. Funga bisibisi kabatini na hela yako ibaki mfukoni.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya sentensi moja uliyoandika: nguo inashona bila shida. Taimingi ni ule mpangilio wa sindano na ndoano, ile inayoshika uzi kule chini, kukutana kwa wakati wake. Cherehani ambayo taimingi yake imekufa haishoni nguo vizuri halafu ikagoma kwenye ngozi tu. Ingeruka kwenye khanga, ingeruka kwenye jinzi, ingeruka kila mahali. Yako imepewa sindano isiyo yake, uzi usio wake na unene unaogusa mwisho wa uwezo wake, vyote kwa mpigo. Ukiilegeza leo ili ikubaliane na makosa hayo matatu, kesho hutashona hata sare ya mtoto.

Tuanze na sindano, maana naamini nusu ya ugomvi iko hapo. Cherehani za nyumbani za aina hiyo, Butterfly ya pedali na Singer ya daraja la 15 (yaani namba ya muundo) ambayo umbo lake limefuatwa, hutumia sindano yenye shina lililokatwa bapa upande mmoja. Kwenye pakiti utaona imeandikwa 15x1, au HAx1, au 130/705H. Yote hayo ni familia moja. Sindano ya shina la duara ni ya mashine za kiwandani. Madukani hukaa kwenye droo moja na hizi za nyumbani, na muuzaji akisikia "namba 18" anakupa yoyote iliyo karibu na mkono wake. Namba 18 ni unene tu, haisemi sindano ni ya mashine gani.

Ule ubapa una kazi mbili. Unaisimamisha sindano mahali pake, na unahakikisha kile kibonde kidogo kilicho juu ya tundu kinatazama upande inakopita ncha ya ndoano. Ukiweka shina la duara, tena jembamba kuliko nafasi yake, sindano inakaa pembeni kidogo na inaweza kuzunguka digrii kadhaa bila wewe kuona. Umbali kati yake na ndoano hubadilika. Umbali unaotakiwa hapo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na hata chini ya hapo, kwa hiyo huhitaji kupotea sana ili mshono uruke.

Kwa hiyo tafuta 130/705H ya ngozi. Kwenye pakiti huandikwa pia LL au LR baada ya herufi H. Chukua namba 16 (yaani 100) na 18 (yaani 110). Namba kubwa ya pakiti ni unene kwa sehemu za mia za milimita, hivyo 110 ni milimita 1.1. Ncha yake haikuchongoka kwa duara kama ya kitambaa, inakata kama kisu kidogo. Ndiyo maana usiirudishe kwenye nguo ukishamaliza, itakata nyuzi za kitambaa na mshono utapasuka ukifuliwa mara chache.

Sasa uzi. Namba za nyuzi hizi huenda kinyume na za sindano: namba ikiwa ndogo, uzi ni mnene. Uzi namba 20 unataka sindano ya namba 22 hivi, na hiyo cherehani yako haikuundwa kuibeba. Ukiulazimisha kwenye tundu la namba 18 unasuguliwa kila sindano inaposhuka na kupanda, unachambuka, halafu unakatika. Hapo ndipo watu husema "naironi mbovu". Nunua namba 40, ambayo ndiyo mnene wa mwisho ninaoukubali kwenye cherehani ya nyumbani kwa sindano ya 18. Kama unashona pochi nyembamba, namba 60 inatosha kabisa na inapendeza.

Na ukiweza, chukua polista badala ya naironi. Naironi ina nguvu lakini inavutika, na uzi unaovutika hukusumbua kupata mkazo ulio sawa kwa anayeanza. Tena kwa mkoba utakaotembea juani Tanga kila siku, polista inavumilia jua kuliko naironi. Uzi wa pamba usiuguse kwa kazi hii. Ngozi, jasho na unyevu wa pwani vitauozesha wakati ngozi bado ni nzima.

Jaribu hivi kabla hata ya kutunga kwenye cherehani. Kata uzi kama urefu wa mkono, upitishe kwenye tundu la sindano, ushike ncha zote mbili ukiwa umeuinamisha mshazari. Sindano iteremke yenyewe kwa utaratibu. Ikikwama njiani, uzi ni mnene kwa sindano hiyo. Ikidondoka kama kokoto, sindano ni kubwa mno. Jaribio hilo linachukua sekunde chache na limeokoa cherehani nyingi zisifunguliwe bure.

Ukishaweka sindano sahihi na uzi sahihi, inaweza bado kuruka hapa na pale. Ili ujue kwa nini, toa bati la chini (lile lenye tundu la sindano), weka kipande cha kitambaa, zungusha gurudumu kwa mkono polepole na uangalie chini. Sindano ikifika mwisho wa kushuka hakuna kinachotokea. Inapoanza kupanda, kama milimita 2 mpaka 2.5, uzi ulio nyuma yake unabaki umeshikwa na kitambaa, haupandi nayo, na unafanya kitanzi kidogo sana pembeni. Ncha ya ndoano inaingia kwenye kitanzi hicho. Mshono mzima unategemea kitanzi hicho, na ni kidogo kuliko punje ya mchele.

Ngozi sasa ina tabia yake. Inaibana sindano. Sindano inapopanda, ngozi inapanda nayo, inavimba kidogo chini ya mguu wa cherehani unaokandamiza kazi, na uzi unapanda pamoja navyo. Kitanzi hakitokei, ndoano inapita patupu, mshono umeruka. Hakuna taimingi inayotibu hilo. Dawa ni kuizuia ngozi isinyanyuke. Kaza skrubu ya juu inayosukuma springi ya mguu, mizunguko miwili au mitatu zaidi ya unavyotumia kwenye nguo. Tumia mguu unaoshika karibu na sindano pande zote. Ule mguu mpana wenye uwazi mkubwa katikati unaiachia ngozi nafasi ya kuruka. Na punguza mwendo. Hapa pedali yako ni neema, mwalimu. Mota ya klachi ya mashine za kiwandani inakimbia mno kwa anayejifunza, lakini pedali unaiamrisha kwa nyayo, mshono kwa mshono. Angalia tu mkanda wake: kama unateleza kwenye gurudumu, nguvu yote inapotelea hapo. Toa kile kipini kinachounga mkanda, kata sentimita moja au mbili, ufunge tena.

Ngozi ikigoma kuteleza chini ya mguu, weka ukanda wa karatasi nyeupe juu na mwingine chini, shona juu yake, kisha uchane. Karatasi hiyo inazuia pia meno ya chini yanayovuta kazi yasiache alama kwenye uso mzuri wa ngozi. Usitumie gazeti, wino wake unahamia. Na kama ngozi yako ni ile iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, yenye rangi ya udongo na isiyotiwa rangi juu, futa kabisa mguu, meno na bati kabla ya kuanza. Chuma kikikutana na dawa ya magome penye unyevu huacha doa jeusi ambalo halitoki.

Zile nyuzi zinazokusanyika chini huwa ni suala la uzi wa juu, ingawa macho yanakupeleka kwenye bobini. Mara nyingi uzi wa juu haukuingia sawasawa katikati ya visahani vya kukazia. Nyanyua mguu wakati wa kutunga, visahani vifunguke, uzi uzame, ndipo ushushe mguu na uuvute ukipima kama umeshikwa. Halafu toa bobini na keisi yake, ishike keisi ikining'inia kwa uzi, uitingishe kidogo: inatakiwa ishuke kiasi, isimame. Kwa uzi namba 40 utahitaji kulegeza kile kiskrubu kidogo cha pembeni, robo mzunguko au pungufu. Weka alama kwa kalamu ilipokuwa kabla hujagusa. Ushauri wangu wa kweli ni kununua keisi ya pili. Za daraja la 15 zimejaa madukani na hazina gharama. Moja iwe ya nguo, usiiguse kamwe. Ya pili iwe ya ngozi.

Kwenye kitambaa fundo la nyuzi mbili hujificha lenyewe. Kwenye ngozi, fundo halijifichi kama tundu ni dogo. Ukiona vidoti chini vinavyokataa kuingia hata ukikaza uzi wa juu hadi unakaribia kukatika, acha kukaza, panda sindano namba moja.

Urefu wa mshono uweke milimita 3.5 au hata 4. Wanaoanza hupenda mishono midogo wakidhani ndiyo imara. Kwenye ngozi kila mshono ni tundu ambalo halitaziba tena, na matundu yakikaribiana umechora mahali pa kuchanikia. Kwa sababu hiyohiyo usitumie pini kushikizia. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, nyembamba, subiri hadi ikiguswa isishike kidole, bandika, gonga kwa nyundo. Ukishona gundi ikiwa mbichi itapanda na sindano hadi juu, na hapo utaona kuruka ambako hujawahi kuona.

Sasa unene. Ngozi yako ni milimita 1.5, tabaka mbili ni milimita 3. Kwa ngozi laini, huo ndio mpaka wangu wa mwisho kwa cherehani ya nyumbani. Kwenye kona ambako umekunja, tabaka zinakuwa nne, milimita 6, na cherehani hiyo haiwezi. Si kwamba haina nguvu ya kutoboa. Mguu unanyanyuka hadi mwisho wake na unakosa nafasi ya kukandamiza, na meno yanavuta tabaka la chini peke yake huku la juu likibaki nyuma. Kabla ya kukunja, chonga ukingo kwa upande wa ndani kwa kisu kikali ukiinamisha karibu kulala, unene upungue hadi nusu kwa upana wa sentimita moja na nusu hivi. Tabaka nne za ngozi iliyochongwa hivyo zinarudi milimita 3. Hii kazi ya kuchonga ukingo ndiyo inayotofautisha pochi ya dukani na pochi ya fundi, na inastahili jioni zako nyingi kuliko suala lolote la mashine. Na ukifika kwenye kona, toa miguu kwenye pedali, malizia kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Nikubali pia kwamba taimingi huharibika kweli. Hutokea pale sindano ilipogonga kitu kigumu, zipu ya chuma kwa mfano, na mhimili wa sindano, ile fito inayoibeba, ukasukumwa juu ndani ya kishikio chake. Dalili yake ni kwamba inaruka hata kwenye nguo nyepesi kwa sindano mpya. Ukitaka kuhakikisha, weka sindano mpya iliyo sahihi, toa bati, zungusha kwa mkono. Sindano ikiwa imepanda zile milimita 2 na kidogo, ncha ya ndoano iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Ikipita kwenye tundu lenyewe au chini yake, mhimili umepanda. Kwenye cherehani hizi huhitaji kufungua chochote kule chini. Unafungua kifuniko cha kichwani upande wa kushoto, unachora alama pale mhimili ulipo, unalegeza skrubu moja ya kishikio, unateremsha kwa kiasi cha unene wa ukucha, unakaza, unajaribu. Fundi anayetaka kuanzia kwenye shafti ya ndoano mwulize kwanza amepima nini. Kama hajatoa bati na kuzungusha gurudumu mbele yako, hajapima.

Pitisha pia kipande cha pamba kwenye ncha ya ndoano na kwenye tundu la bati. Pamba ikinasa, kuna mkwaruzo ulioachwa na sindano iliyopinda, na huo unakata uzi hata kama mengine yote ni sawa. Msasa laini kabisa, wa 1000 kwenda juu, unatosha kulainisha. Usibadilishe umbo la ncha, ondoa tu ukali usiotakiwa.

Mafuta ni ya cherehani, yale meupe. Mafuta ya kula au ya nazi hukauka yakawa gundi ya kahawia ndani ya viungo. Kama mama mkwe aliwahi kuyatumia, osha viungo kwa mafuta ya taa mbali na moto, futa, ndipo utie mafuta sahihi.

Baada ya hapo kuna kazi ambazo hupaswi kuipa cherehani yoyote ya nyumbani: mkanda, vipini vya mkoba, kamba za makubazi. Hizo shona kwa mkono, na usizione kama adhabu. Mshono wa sindano mbili ni imara kuliko wa cherehani, na sababu yake inaonekana. Kwenye cherehani uzi wa juu na wa chini vimeshikana kwa mafundo. Ukikatika mmoja, mishono ya jirani inaanza kulegea. Kwa mkono ni uzi mmoja wenye sindano kila ncha, zote mbili zinapita kwenye kila tundu kutoka pande tofauti. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umeshika.

Utahitaji uzi wa polista uliotiwa nta, unene wa milimita 0.8, na urefu wake uwe mara nne ya urefu wa mshono. Sindano mbili butu. Msharasi. Kibanio cha mbao cha kushika kazi kati ya magoti, seremala yeyote atakutengenezea. Chora mstari milimita 3 au 4 kutoka ukingoni. Kama huna chuma chenye meno cha kupimia nafasi, uma wa mezani wenye ncha zilizolingana unaacha alama nzuri, ukiweka ncha ya kwanza kwenye alama ya mwisho kila unapohama. Toboa kwa msharasi, ukiushika kwa mwinamo uleule kila tundu. Ingiza sindano ya kushoto kwanza, halafu ya kulia, na usibadilishe mpangilio huo hata mara moja, kwa sababu ndio unaoifanya mishono ilale upande mmoja kama mistari ya jamvi. Sindano ya pili inapoingia, uvute uzi wa kwanza pembeni usiutoboe. Vuta pande zote kwa nguvu sawa. Mwishoni rudi nyuma mishono miwili, kata, gusa ncha kwa moto wa kiberiti, ubonyeze.

Nimebakiza Singer nyeusi. Kutoboa mkanda kwa sindano hakumaanishi kitu, hata msharasi wa mkono unatoboa. Singer nyingi nyeusi za zamani ni cherehani za nyumbani, za chuma kizuri kabisa, zilizotengenezwa kushona nguo. Uwezo wake kwenye ngozi ni sawa na wa ile uliyonayo, kwa hiyo ungenunua ulichonacho mara ya pili. Mwulize muuzaji daraja lake. Akisema 29K, hiyo ni habari nyingine: ni mashine ya viatu, K yake ni ya kiwanda cha Kilbowie kule Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Mguu wake wenyewe ndio unaovuta ngozi kutoka juu na unazunguka pande zote, unaingia hata ndani ya kiatu. Lakini ni ya kuraka. Bobini yake ni ndogo, mguu unaacha alama, na mstari mrefu wa mkoba ulionyooka unaitesa. Zile za Kichina za kuzungusha kwa mkono ni za mtindo huohuo, na hali ni hiyohiyo.

Siku mikoba ikianza kununuliwa na ukahitaji mashine ya kazi hiyo, tafuta ile ambayo sindano, mguu wa ndani na meno vinatembea pamoja. Juki DNU-1541, Consew 206RB na Pfaff 545 ni mifano inayojulikana. Utaitambua kwa macho: ina miguu miwili inayopokezana, mmoja unashuka mwingine unapanda, na sindano inakwenda nyuma pamoja na ngozi. Nenda nayo na ngozi yako mwenyewe, uzi wako mwenyewe, na kona iliyokunjwa. Shona sentimita 30, geuza, tazama chini. Muuzaji anayekataa jaribio hilo mwache na mashine yake.

Kwa sasa anza na pakiti ya 130/705H na uzi namba 40. Ikiendelea kuruka, nitumie picha ya mshono pande zote mbili na picha ya sindano ikiwa imepanda zile milimita mbili, bati likiwa limetolewa. Hizo zinatosha kunionyesha tatizo liko wapi.